Koga Ndani ya Nyumba: Asili Yake, Madhara Yake, na Njia ya Kuiondoa kwa Salama



Ukurasa huu wa somo aghlabu huzungumza juu ya mkarafuu, palizi na uanikaji. Mara hii twaingia ndani ya nyumba ya mkulima mwenyewe. Kila mmoja wetu ayajua mambo ya masika: kanzu nyeupe hutolewa sandukuni ina madoa ya kijivu, msahafu hufunguliwa ukatoa harufu ya uvundo, ukuta wa nyuma ya kabati huwa mweusi, na mtoto mwenye kifua hukohoa usiku kucha. Hiyo yote ni kazi ya koga.

Twaandika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha nyingi za karafuu hupotea kila mwaka katika kupaka rangi na kupiga lipu kuta ambazo baada ya miezi michache hurudia kuwa vile vile. Ya pili ni kubwa zaidi: katika kuihangaikia koga, watu hufanya mambo ambayo khatari yake yapita ya koga yenyewe, na mengine yaweza kuua watu wa nyumba nzima kwa usiku mmoja.

Neno moja la kushika katika somo zima ni hili: koga ni ugonjwa wa maji. Asiyetafuta maji yanakotoka hataiondoa, hata akinunua dawa za duka zima.

KOGA NI KITU GANI

Koga, ambayo wengine huiita ukungu na wengine kuvu, ni kitu chenye uhai. Si uchafu tu, wala si jasho la ukuta. Ni jamaa ya uyoga. Huzaa kwa vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huruka hewani siku zote, nje na ndani. Hapana nyumba duniani isiyokuwa na vijimbegu hivyo, iwe ya makuti au ya ghorofa, na mtu asidhani kwamba aweza kuvimaliza.

Kijimbegu kikitua mahali pakavu hulala. Kikitua mahali penye unyevu na chakula chake, huamka, hutoa nyuzi na hutambaa. Na chakula chake ni kila kitu kilichotokana na mti au mnyama: mbao, makuti, karatasi, pamba, ngozi ya viatu, gundi ya vitabu, hata vumbi na mafuta ya mikono yaliyoganda ukutani. Ndiyo maana hata ukuta wa saruji, ambao wenyewe hauliwi, huota koga juu ya uchafu wake.

Wala si kila koga ni adui. Mwaka 1928 Daktari Alexander Fleming, katika hospitali ya St Mary's mjini London, aliona koga iliyoota katika kisahani chake cha majaribio imewaua vijidudu waliokuwamo, na hapo ndipo ilipoanzia dawa ya penisilini. Lakini koga ya dawa ni kitu kimoja, na koga ya chumba cha kulala ni kitu kingine.

MFANO WA KARAFUU

Basi koga yataka vitu vitatu: kijimbegu, chakula na maji. Kijimbegu hatukiwezi. Chakula chake ni vigumu kukiondoa, kwani hatuwezi kukaa bila nguo, mbao na vitabu. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji.

Jambo hili mwanachama yeyote alilijua kabla hajalisoma hapa. Karafuu mbichi ikishachambuliwa na kutolewa makonyo huanikwa upesi. Ikilundikwa mbichi hupata joto, huvunda, hutoka mpeta, na bei yake huanguka. Hapana mtu anayeitibu mpeta kwa kuipaka mafuta ili ing'are. Dawa yake ilikuwa ni kuianika mapema na kuianua kila mvua inapokuja.

Nyumba ni vivyo hivyo. Nayo yataka kuanikwa na kuanuliwa: kufunguliwa jua na upepo vinapokuwapo, na kufungwa mvua inapopiga. Anayepaka rangi juu ya ukuta wenye koga ni sawa na mwenye kuing'arisha mpeta.

Visiwa vyetu vina unyevu mwingi. Pemba hupata mvua ya kama milimita 1,900 kwa mwaka, na Unguja hupungua kidogo hapo. Katika masika hewa huwa imebeba zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 za unyevu inaoweza kuubeba. Na hapo kwenye kama 80 kwa 100, unyevu huo ukidumu karibu na ukuta au nguo, ndipo koga inapopata nguvu. Maana yake ni kwamba sisi twaishi mpakani mwa koga: unyevu kidogo wa ziada huiamsha, lakini vile vile ukavu kidogo waweza kuilaza. Kanuni iliyo nyepesi kuikumbuka ni hii: kitu kilicholowa kikikaushwa kabla ya siku moja au mbili kupita, mara nyingi koga haiwahi kuota.

MAJI HUINGIA KWA NJIA NNE

Kabla ya kununua dawa yoyote, simama mbele ya doa ulitazame. Mahali lilipo ndipo penye khabari yake.

Njia ya kwanza ni juu. Doa likianza kwenye dari au mwisho wa ukuta juu, lawama ni ya paa: makuti yamechoka, bati lina tundu, au msumari umelegea. Bati nalo lina aibu nyingine. Usiku hupoa upesi, na hewa yenye joto ya chumbani ikiligusa hugeuka matone. Hilo ndilo jasho la bati. Paa laweza kuwa zima kabisa na chumba kikalowa. Dawa yake ni kuacha nafasi ya upepo kupita baina ya ukuta na paa, na kama kuna dari, basi hewa ipite juu yake.

Njia ya pili ni ubavuni. Doa likiwa katikati ya ukuta unaopigwa na mvua, tazama upenu. Upenu mfupi huacha mvua ya upepo ioshe ukuta wa udongo kila siku. Kuongeza upenu kwa makuti machache ni rahisi kuliko kukandika ukuta upya kila mwaka.

Njia ya tatu ni chini. Doa likianzia sakafuni likapanda hadi magotini au kiunoni, na juu yake pana unga mweupe wenye ladha ya chumvi, basi ukuta wanywa maji ya ardhini kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Tazama nje: huenda udongo umerundikana ukapita kimo cha sakafu, au maji ya kuogea na kufulia yamwagwa hapo hapo, au mchirizi wa paa waangukia msingini. Ondoa udongo huo, chimba mfereji mdogo, na yapeleke maji mbali na nyumba.

Njia ya nne ni ndani kwetu wenyewe. Doa likiwa nyuma ya kabati, kwenye pembe, au nyuma ya kitanda kilichogusana na ukuta, mara nyingi maji hayo tumeyatia sisi: nguo mbichi zilizoanikwa chumbani, chungu kinachochemka bila tundu la moshi, ndoo za maji zisizofunikwa, na pumzi za watu wanaolala madirisha yamefungwa. Vuta kabati na kitanda vikae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili upepo upite nyuma yake.

KUTA ZA CHOKAA NA SARUJI

Nyumba nyingi za zamani za mjini na mashambani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na huyatoa tena, hupumua. Mtu akiona doa akaukandika kwa saruji, huwa ameuziba pumzi. Maji yasiyopata njia ya kutoka hupanda juu zaidi, na baada ya muda lipu hubambuka na koga hutokea mahali papya. Kwa kuta hizo tengeneza kwa chokaa, upake chokaa. Chokaa ina ukali ambao koga haiupendi, na haizibi ukuta. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ni khasara tupu.

Na ujihadhari na mchanga wa pwani. Lipu iliyochanganywa na mchanga wenye chumvi huvuta unyevu wa hewa, na ukuta wake hutoa jasho kila masika kwa umri wake wote.

Chokaa yenyewe yataka adabu. Ile iliyotoka tanuruni, ikitiwa maji huchemka na huunguza ngozi na macho. Watoto wakae mbali, na mpakaji ajifunike macho na mikono.

MADHARA YAKE KWA MWILI

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na koga majumbani. Ulieleza kwamba watu wanaokaa katika nyumba zenye unyevu na koga hupatikana zaidi na maradhi ya kifua, na pumu yao huzidi.

Si kila mtu huumwa. Wengine hukaa miaka bila kuhisi kitu. Wengine hupata mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, koo kukereketa na kikohozi. Wanaokhofiwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu, na wagonjwa ambao nguvu za miili yao zimepungua. Dalili moja ya kuitazama ni hii: mgonjwa apata nafuu akienda kulala kwa jamaa, na akirudi nyumbani kifua humrudia.

Mtoto anayevuta pumzi kwa mlio, au mbavu zake zikiingia ndani anapopumua, apelekwe hospitali mara moja. Kusafisha ukuta hakuwi badala ya dawa ya daktari, na dawa ya daktari haiwi badala ya kusafisha ukuta.

Watu huuliza kama koga nyeusi ndiyo yenye sumu na nyeupe haina. Rangi si kipimo. Koga ya rangi yoyote iondolewe, na mtu asiinuse kwa karibu ili kuijua.

NAMNA YA KUIONDOA

Kwanza, zuia maji. Jambo hili tumelisema na tutalisema tena.

Pili, chagua siku ya jua na upepo. Fungua milango na madirisha. Watoto, wazee na wenye pumu watoke nje mpaka kazi iishe na chumba kikauke.

Tatu, jikinge. Vaa kitu cha kufunika mikono, macho na pua. Kanga iliyofungwa puani yazuia vumbi kubwa tu, vijimbegu hupita. Barakoa nzito ya N95 ndiyo bora.

Nne, usifagie koga kavu. Kufagia huirusha hewani, na badala ya ukuta mmoja ukawa umeigawa nyumba nzima. Ilowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha sugua.

Tano, kwenye kitu kigumu kama vigae, kioo, bati, mbao iliyopigwa rangi au saruji laini, maji ya moto na sabuni yatosha mara nyingi. Ukitaka kuongeza dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ile yenye harufu kali ya klorini, basi kikombe kimoja kwa lita nne za maji, isizidi. Lakini sabuni na kusugua vije mbele. Koga iliyouawa ikaachwa ukutani bado humwasha mwenye pumu; yatakiwa itoke, si ife tu.

Sita, ukuta wa udongo usiutie dawa za maji. Lowanisha kidogo, kwangua sehemu iliyoharibika, itupe mbali, acha ukuta ukauke kabisa, kisha kandika upya.

Saba, kausha. Kazi haikwisha mpaka mahali pale pameanikika.

Koga ikiwa ni kidogo, kama eneo la mita moja ya mraba, mwenye nyumba aweza kuiondoa mwenyewe. Ikienea kuta nzima au dari nzima, afadhali kumwita fundi mzoefu, na watu wasilale chumbani humo kwa wakati huo.

MAMBO MANNE YENYE KHATARI KULIKO KOGA

La kwanza: kukausha chumba kwa jiko la makaa huku kimefungwa. Twaomba jambo hili lisomwe kwa sauti katika kila tawi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyokuwa na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, hupitiwa na usingizi, na haamki. Haifai kuwasha jiko la makaa chumbani watu wakalala, wala kwa kukausha ukuta, wala kwa kukausha nguo, wala kwa kuokoa karafuu zilizolowa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuwa amana. Mtu akikutwa amezimia chumbani humo, mtoe nje penye hewa haraka, na apelekwe hospitali.

La pili: kuchanganya dawa. Dawa yenye klorini isichanganywe na siki, ndimu, tindikali ya kusafishia choo, wala dawa yenye amonia kama baadhi ya zile za vioo. Ikichanganywa na siki, ndimu au tindikali hutoka hewa ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuwa silaha ya vita huko Ulaya mwaka 1915. Ikikutana na amonia hutoka hewa nyingine inayochoma mapafu vile vile. Watu hudhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Hapa mbili ni sumu. Ukisikia pua na koo zachoma, acha kila kitu utoke nje.

La tatu: kutia dawa katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi. Dawa ikae katika chupa yake, juu, mahali mkono wa mtoto usipofika.

La nne: kufukiza ili kuua harufu. Udi ni pambo la nyumba zetu, na hapana anayeukataza. Lakini udi hufunika harufu ya koga, hauiondoi, na moshi katika chumba kilichofungwa humzidishia taabu mwenye pumu. Nyumba ikinuka uvundo baada ya udi kwisha, tafuta maji.

NGUO, GODORO, VITABU NA HATI

Nguo iliyoingia koga ipelekwe nje kwanza, ipigwe brashi upepo ukielekea mbali nawe, kisha ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto na ianikwe juani mpaka ikauke hasa. Madoa yaliyobaki katika nguo nyeupe, akina mama wetu huyapaka ndimu na chumvi na kuyaacha juani; ni njia nzuri, maadamu ndimu haikukutana na dawa ya klorini. Usikunje nguo ikiwa bado ina ubaridi wa unyevu, wala usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Mfuko hufungia unyevu ndani pamoja na nguo.

Sanduku na kabati vifunguliwe juani angalau mara moja kwa juma katika masika, kila jua linapotoka. Vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kufukuzia wadudu havikaushi kitu. Navyo ni sumu kwa mtoto akivimeza, na baadhi ya watoto wana hali ya damu ya kuzaliwa nayo ambayo harufu yake tu, katika nguo za kuvikwa au shuka, yaweza kuwadhuru. Afadhali jua.

Godoro la sufi lililoingia koga juu tu laweza kuokolewa kwa siku kadhaa za jua, likigeuzwa. Lililooza ndani halifai kulaliwa; sufi itupwe, ijazwe nyingine.

Vitabu na hati visianikwe juani kwa muda mrefu, kwani karatasi hukunjamana na wino hupauka. Viweke kivulini penye upepo, fungua kurasa, na zikishakauka ondoa koga kwa brashi laini, ukiwa nje. Hati za shamba khasa zataka uangalizi. Mkulima asiyeweza kusoma mpaka wa shamba lake katika hati yake mwenyewe ana khasara kubwa kuliko ya ukuta. Zitie katika bati lenye kifuniko siku ya ukavu, zikiwa kavu kabisa, liwekwe juu, si sakafuni. Na uwe na nakala nyumba nyingine.

KOGA YA CHAKULA

Hapa mtu asipime kwa macho. Baadhi ya koga zinazoota katika mahindi na njugu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukagundua kwamba walilishwa mashudu ya njugu yaliyokuwa na sumu hiyo. Mwaka 2004 katika Kenya, sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, waliumwa watu 317 kwa mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 Tanzania Bara ilipatwa na msiba kama huo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuosha, kupika na kukaanga hakuondoi sumu hii. Mahindi au njugu zilizovunda zisisagwe, zisichanganywe na nzuri, wala zisipewe kuku au mbuzi, kwani sumu huweza kurudi kwetu kwa njia ya maziwa na mayai. Kausha kabla ya kuhifadhi, na gunia likae juu ya uchaga, si juu ya sakafu wala kuegemea ukuta.

KARAFUU ZETU NDANI YA NYUMBA

Sasa twafika kwenye njia ya maji ambayo ni yetu sisi wakulima peke yetu. Katika msimu wa mvua karafuu huanuliwa na kuingizwa vyumbani, mara nyingi chumba wanacholala watoto. Tufanye hesabu. Kilo 100 za karafuu mbichi zikikauka hubaki kama kilo 30 hadi 35. Zile 65 au zaidi zilizopotea ni maji, nayo yameingia katika hewa. Yakitokea uwanjani, upepo huyachukua. Yakitokea chumbani, huingia katika ukuta, godoro na kifua cha mtoto.

Na karafuu zenyewe hupata hasara vile vile, kwa sababu chumba kilichojaa unyevu hakikaushi. Kwa hivyo karafuu zikianuliwa zitandazwe ukumbini au kibandani penye upepo, kwa unene mdogo, zigeuzwe, na zirudishwe nje mara jua linapotoka. Gunia lisifungwe mpaka karafuu ikipindwa ivunjike kwa mlio. Karafuu iliyokauka vizuri haizidi kama sehemu 12 za unyevu katika 100, nayo haina madhara kwa nyumba.

Wengine huuliza kama mafuta ya karafuu yaua koga. Ni kweli kwamba yujeno, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, imeonekana katika majaribio kuzuia koga nyingi zisiote. Twafurahi kwa sifa ya zao letu. Lakini haikaushi ukuta. Tena mafuta yasiyochanganywa huunguza ngozi, na mtoto akiyanywa hata kidogo ni khatari kubwa. Basi tusijidanganye kwamba twaweza kuacha paa livuje kwa kuwa tuna mafuta ya karafuu.

FEDHA ZA MSIMU ZITANGULIZWE WAPI

Mwanachama akishauza karafuu na akataka kuitengeneza nyumba, twashauri afuate mpango huu. Paa kwanza. Kisha upenu na mfereji wa kupeleka maji mbali. Kisha madirisha ya kupitisha hewa pande mbili, na tundu la moshi jikoni. Kisha lipu. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Wengi wetu huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana na wageni, na paa huachwa mpaka mwakani. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na yule asiye na uwezo wa mpango huu wote asikate tamaa. Kuvuta kabati mbali na ukuta, kuanika godoro, kufunika ndoo, kuondoa udongo ulioegemea msingi, na kutolaza karafuu mbichi chumbani mwa watoto, hayo hayataki fedha, yataka nia tu.

MASUALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Koga yahitaji vitu gani vitatu, na ni kipi kati yake tunachoweza kukizuia?

2. Ukuta una doa lililoanzia sakafuni na chumvi juu yake. Maji yatoka wapi, na utafanya nini kwanza?

3. Kwa nini haifai kuchanganya dawa ya klorini na siki au ndimu?

4. Mvua imenyesha siku tatu, karafuu zimelowa, na jirani ashauri kuwasha jiko la makaa chumbani usiku. Utamjibu nini, na utamwonyesha njia gani nyingine?

5. Katika kijiji chenu, ni nyumba ya nani, mjane au mzee, ambayo paa lake laweza kuzibwa na wanachama kwa siku moja kabla ya masika?

Suali la tano halina jibu la kuandika. Jibu lake ni makuti, kamba na mikono. Tawi litakalolijibu na lituletee khabari, tuzichapishe katika toleo lijalo ili wengine wafuate.

Wassalaam,

Katibu wa Chama